UZI: Kichwa cha Buddha kwenye kidaka, na mshahara wangu wa miezi mitatu

MtunzaNyumba (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatununiani.

Natunza nyumba ya wageni Shela. Nafungulia maji ya tangi, napokea mizigo gatini, napanga mito barazani, napangusa vumbi. Sebuleni kuna ukuta wa zidaka za zamani, kazi ya mafundi wetu wa chokaa, pale mabibi zetu walipokuwa wakiweka sahani za Kichina na misahafu. Kidaka cha katikati siku hizi kina kichwa cha Buddha cha jiwe. Kichwa kitupu, hakina mwili. Kila asubuhi nakipitishia kitambaa kibichi, naanzia utosini kwenye vile vifundo vya nywele, nateremka mpaka kwenye ndewe za masikio, ndefu utadhani zimevutwa na vipuli vizito. Nyuma ya shingo kuna stika ya bei, hakuna aliyejali kuibandua. Nimekipangusa miaka miwili nikidhani ni mmoja wa miungu ya Wahindi, kumbe ni mwalimu wa India ya kale.

Sasa mwaka huu bosi (simtaji, na msikisie hapa, uzi utafungwa) akapitisha miezi mitatu bila kunilipa. Nikimuuliza ananijibu kwa upole wa asali: kila kitu hupita, usiing'ang'anie pesa, angalia pumzi yako. Mara ya pili akaniandikia kwamba huenda hii ni karma yangu, yaani malipo ya matendo yangu ya zamani, inajisafisha. Wallahi naapa. Mtu amekunja miguu juu darini chini ya makuti, mimi niko chini nahesabu deni la duka.

Nikasema basi ngoja nimjue huyu mzee ninayemsafisha masikio kila siku. Kama kweli alifundisha hivi, nampeleka stoo akakae na mapipa ya rangi.

Bahati ikaleta mgeni, mama mmoja muuguzi kutoka Nagpur, India. Yeye Mbuddha wa kuzaliwa, hana shanga wala udi. Alipokiona kile kichwa aliguna tu. Nilipomsimulia habari ya karma yangu kujisafisha, alikasirika kuliko mimi. Tukakaa darini jioni tatu mfululizo, nami nikaandika. Ninayoyaleta ni yale aliyonisomea, pamoja na niliyoyatafuta mwenyewe baadaye.

La kwanza. Kuna mafundisho ya kale ambamo Buddha anakutana na kijana Sigala, nje ya mji wa Rajagaha, alfajiri, nguo zimelowa, anasujudia pande sita: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Baba yake alimwachia wosia afanye hivyo. Buddha hakumkemea. Alimwambia pande hizo ni watu. Mashariki ni wazazi, kusini walimu, magharibi mke, kaskazini marafiki, juu ni watawa na wacha Mungu. Na chini? Chini ni watumishi na vibarua. Kila upande una wajibu wake. Wa bosi kwa mtumishi ni mambo matano: ampe kazi kwa kadiri ya nguvu zake, ampe chakula na ujira, amuuguze akiugua, amgawie akipata kitu kitamu, na ampe mapumziko kwa wakati wake.

Someni tena hilo la pili. Chakula NA ujira. Pumzi haikutajwa.

(Mtumishi naye ana yake matano. La kwanza aamke kabla ya bosi, la pili alale baada yake. Hapo nilicheka peke yangu. Hilo nalitimiza vizuri sana.)

La pili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Nilimuuliza yule mama: sasa mbona hasemi mtumishi ana HAKI? Anasema bosi ana wajibu. Akanijibu kwamba katika lugha ya vitabu vyao vya zamani hakuna neno linalokaa sawasawa na haki kwa maana ya kitu changu ninachoweza kukudai. Sisi neno letu moja linabeba mizigo yote: haki yangu, haki ya hakimu, haki ya Mungu naapa. Kwao mzigo wote umewekwa upande wa anayepaswa kutoa. Nikakumbuka ule msemo wetu, mnyonge hana haki. Wajibu umeshatajwa, sawa, je asipoutimiza mnyonge anashika nini mkononi?

Wenye elimu mnisaidie.


KijanaMkomani

Nimesoma hata mato yameuma. Ila ile stika ya bei imenimaliza.


UstadhMdogo

Kaka pole kwa yaliyokukuta. Lakini kwa nini uzunguke mpaka India? Mtume ﷺ amesema mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Maneno mafupi, yanajitosheleza. Halafu nina swali zito zaidi, nalo ulijibu bila kuzunguka. Hao Wabuddha wa haki na huruma ndio waliowafukuza ndugu zetu Warohingya, Waislamu wa Myanmar. Mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 walivuka kwenda Bangladesh, vijiji vinaungua nyuma yao. Na tuliwaona watawa wenye kanzu zile wakihutubia chuki dhidi ya Waislamu. Haki za binadamu gani hizo?


MtunzaNyumba

Ustadh, hadithi hiyo naijua na nilimtumia bosi. Akaniwekea alama ya moyo.

Swali lako silikwepi, na yule mama naye hakulikwepa. Ni kweli tupu. Shina lake ni la nyuma zaidi, sheria ya uraia ya Myanmar ya 1982 iliyowaacha Warohingya wengi bila nchi. Mtu akishaondolewa kwenye karatasi, kumwondoa kwenye ardhi kunakuwa kazi ya siku chache. Na mtawa kama Wirathu alisimama mbele ya halaiki akawafanya Waislamu waonekane ni hatari. Aung San Suu Kyi, kiongozi wa Myanmar wakati huo na mwenye Nobel ya amani ya 1991, alikwenda The Hague Desemba 2019 kuitetea nchi yake katika kesi iliyofunguliwa na Gambia. Siyo nchi kubwa iliyowashitaki. Gambia.

Nchi hiyohiyo mwaka 2007 watawa walimiminika mabarabarani kuwapinga majenerali, wakageuza mabakuli yao chini juu. Kwao mtawa anaishi kwa kupokea sadaka bakulini, kwa hiyo kumgeuzia mtu bakuli ni kumwambia sadaka yako haramu, thawabu hupati. Kanzu ileile, bakuli lilelile, miaka kumi tu katikati. Mimi hapo sina la kutetea. Sikufungua uzi kumtafutia Buddha wafuasi Lamu.

Ila kuna jiwe la mfalme Ashoka, karne ya tatu kabla ya Kristo. Alipigana vita vya Kalinga, watu laki moja wakauawa, kwa hesabu aliyoichonga yeye mwenyewe, akajuta hadharani. Katika maandishi yake mengine ya mwambani anasema anayeisifu dini yake kwa kuzidharau za wenzake, ya kwake ndiyo anayoiumiza zaidi. Wirathu alikuwa na pa kusoma.


UstadhMdogo

Umejibu kiungwana. Naendelea kusoma.


BintLangoni

Mie nimekwama pale pa "chini". Kwa nini watumishi wawe upande wa chini? Mngemweka kaskazini angekufa? Hivi ndivyo tulivyolelewa hapa Amu, mungwana juu, mwenye asili ya utumwa chini, na kila mtu ana wajibu wake, alhamdulillah, mambo yanakwenda. Bibi yangu aliambiwa akae mlangoni arusini. Wajibu wa waliomkaribisha ulitimizwa: alipewa pilau. Mlangoni.

Wanaume mtaona ni jambo dogo.


MtunzaNyumba

Si dogo, Bint. Umegusa palepale.

Nikuletee mtu wa Nagpur sasa, kwa sababu yule mama ni mjukuu wa kazi yake. B. R. Ambedkar, alizaliwa 1891 katika tabaka la Wamahar, wale walioitwa wasioguswa. Shuleni alikaa juu ya gunia alilolibeba kutoka kwao nyumbani, asije akachafua sakafu. Kiu ikimshika hakuruhusiwa kugusa bomba. Mtumishi wa shule ndiye aliyemmiminia maji kutoka juu, yeye anakinga. Siku mtumishi hayupo, hakuna maji. Fikirini mtoto anaomba Mungu tarishi asiugue.

Alisoma mpaka Columbia na London, na bado aliporudi akakosa nyumba ya kupanga. Machi 1927 aliongoza maelfu ya watu mji wa Mahad, wakateka maji katika bwawa la umma ambalo ng'ombe walikunywa na wao hawakuruhusiwa. Kunywa maji tu, basi. Wakapigwa.

Uhuru ulipopatikana akawa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Ibara ya 17 inafuta kutoguswa, na kuifanya dhambi hiyo kuwa kosa la jinai. Katiba ikaanza kazi 26 Januari 1950. Angeweza kukaa hapo akapumzika. Tarehe 14 Oktoba 1956, pale Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na watu karibu nusu milioni. Hata miezi miwili haikutimia, Desemba 6, akafariki.

Kwa nini Ubuddha? Alisema uhuru, usawa na udugu hakuvichukua kwa Wafaransa, alivichukua kwa Buddha. Na kweli zipo habari za kale. Vijana wa ukoo wa kifalme wa Wasakya walipokwenda kuwa watawa, walifuatana na kinyozi wao, Upali. Wakaomba yeye apokelewe kwanza. Maana katika utawa cheo ni nani ametangulia, basi kila siku wao wana wa wafalme wangemwinamia kinyozi wao, kiburi kiwatoke. Upali huyo ndiye aliyekuja kuhifadhi sheria zote za watawa. Na kuna maneno ya Buddha kwamba mtu hawi duni kwa kuzaliwa, huwa duni kwa anayotenda.

Bibi yako angepewa mkeka wa mbele.


MzeeWaJahazi

Wanangu, hiyo ya kinyozi tunayo hapahapa, hamuioni kwa sababu iko karibu. Habib Swaleh alipokuja Lamu kutoka Ngazija, yeye sharifu, hakwenda kuketi na wakubwa. Alikaa Langoni, akawafundisha wale ambao waungwana waliona kuwasomesha ni kuharibu dunia, watu wenye asili ya utumwa na wageni wachovu. Waungwana walichukia sana. Leo Msikiti wa Riyadha unajaza Maulidi watu wa kila pembe, na wajukuu wa waliokasirika wanabeba bendera mbele.

Na habari nyingine ya baharini, maana ndio fani yangu. Meli za Zheng He, amiri wa China, hizi zilizofika Malindi, Malindi ikampelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, ziliacha jiwe Galle, Sri Lanka, la mwaka 1409. Lugha tatu. Kichina kinamshukuru Buddha, Kitamil kinamtukuza Vishnu, Kiajemi kinamtaja Mwenyezi Mungu. Jiwe zuri. Miaka miwili baadaye meli hizohizo zikapigana na mtawala wa kisiwa kile, zikamchukua mateka. Muwe na macho mawili na mawe ya wafalme, pamoja na hilo la Ashoka.


KaraniMalindi

Nimechelewa, nilikuwa kortini (kupeleka faili, si kushitakiwa).

Mwanzisha uzi, swali lako "mnyonge anashika nini mkononi" ni swali la sheria, na jibu unalo. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 28 ni heshima ya utu, ya 41 ni haki katika kazi. Na ile orodha ya Sigala nimeiweka kando ya Sheria ya Ajira ya 2007 nikashangaa. Mapumziko: siku moja kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kuugua: ukishatimiza miezi miwili kazini, siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu. Kazi kwa kadiri ya nguvu inakaribiana na usalama kazini. Kitamu hakimo, hicho Bunge lilisahau.

Tofauti ni moja. Orodha ya Buddha bosi akiivunja, anajiharibia mwenyewe huko mbele. Ya Bunge akiivunja, unamwita mbele ya hakimu. Na mkataba wa maandishi ni kazi ya mwajiri kuuandaa. Asipouleta, mzigo wa kupinga unayosema wewe unamwangukia yeye. Una miaka mitatu, usiipoteze kwa aibu.

Lakini msinichukulie kwamba sheria inatosha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa Malindi iliwapa wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari ilijengwa kwenye njia zao za kuvua bila wao kushirikishwa ipasavyo. Hukumu tamu, ukiisoma unasikia harufu ya bahari. Kisha uliza wavuvi hela ziliwachukua muda gani. Haki ilikuwa kwenye karatasi, wajibu haukuwa kwenye moyo wa mtu yeyote.


MtunzaNyumba

Karani, sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitafuta wiki nzima. Ambedkar aliandika karatasi, halafu miaka sita baadaye akaenda kutafuta moyo. Na hakuacha moja kwa ajili ya nyingine.


KijanaMkomani

Swali la kizembe. Nimesikia Wabuddha wanasema hakuna nafsi, hakuna "mimi". Sasa kama hakuna mimi, haki za binadamu ni za nani? Na mshahara anaudai nani? Bosi wako pengine ana hoja, hana wa kumlipa.


MtunzaNyumba

😂 Akikosekana wa kulipwa basi amekosekana pia mwenye nyumba, anipe funguo.

Nilimuuliza yule mama hilohilo. Akasema kinachokataliwa ni kitu kigumu cha kudumu kilichokaa ndani kama kokwa la embe. Maumivu hayakukataliwa na mtu. Kuna mwanachuoni wao wa karne ya nane, Shantideva, aliuliza: mguu ukichomwa na mwiba, mkono mbona unautoa? Mwiba si wa mkono. Unautoa kwa sababu ni maumivu, na maumivu ni ya kuondolewa, ya nani si hoja. Kwa hiyo wao hawaanzi na "hiki changu". Wanaanzia kwenye mwiba.

Hiyo mimi imenipendeza, na pia inaniogopesha kidogo. Maana bosi akiamua mwiba wangu hauumi, basi.


BintLangoni

Na ile karma? Hujaijibu. Maana hapa nasi tunayo, tunaiita "ameandikiwa". Maskini ameandikiwa. Mke anapigwa, ameandikiwa. Hakuna anayesema mpigaji ameandikiwa jela.


MtunzaNyumba

Bint, ulipaswa kufungua uzi wewe.

Kuna mtu, Sivaka, alimwendea Buddha akamwambia wapo wasemao kila anachohisi mtu, raha au karaha, kinatokana na matendo yake ya zamani. Buddha akakataa. Akahesabu: nyongo, kohozi, upepo wa mwilini, mabadiliko ya hali ya hewa, na mengine, na matendo ni mojawapo tu. Wenye kusema yote ni matendo ya zamani wanapita mpaka wa wanachokijua. Yaani miaka 2,400 na zaidi nyuma tayari alishachoka na watu wa namna ya bosi wangu. Ambedkar naye hoja hii aliipinga kwa nguvu zote, alijua inavyotumika: kumwambia maskini umasikini wake ni hukumu ya haki.

Na kuna kisa kingine, hiki nakisimulia sana siku hizi gatini. Mfalme mmoja alilinda nchi vizuri ila hakuwapa mali wasio nacho. Umasikini ukazidi. Mtu akaiba. Akaletwa mbele ya mfalme: kwa nini umeiba? Sina cha kuishi. Mfalme akampa mtaji. Habari ikaenea kwamba ukiiba unapewa, wakaiba wengine. Mfalme akaona hii haifai, akamkata mmoja kichwa hadharani. Wezi wakasema kumbe ndivyo? Wakajitengenezea panga, wakawa wanawaua wanaowaibia wasije kuwashitaki. Ikatoka hapo kuua, ikatoka uongo, umri wa watu ukashuka toka miaka 80,000 nusu kwa nusu. Kisa hakianzi na mwizi. Kinaanza na mali kutowafikia wasio nacho. Niambieni kama hamjawahi kuona mlolongo huu kwa macho yenu hapa pwani.


BintLangoni

Nimeuona. Majirani zangu wawili.

Na wanawake je? Usitupite.


MtunzaNyumba

Sikupiti. Mahapajapati, mama aliyemlea Buddha, aliomba wanawake waruhusiwe utawa, akakataliwa mara tatu. Akanyoa nywele, akatembea na wenzake mpaka mji wa Vesali, miguu imevimba, akasimama mlangoni analia. Ananda, mhudumu wa Buddha, ndiye aliyebana hoja: mwanamke anaweza kufikia ukombozi au hawezi? Anaweza. Basi mbona mlango umefungwa? Ukafunguliwa, ila kwa masharti manane ya ziada, mojawapo mtawa mwanamke wa miaka mia amwinamie mwanamume aliyeingia leo. Wenyewe wanabishana kama ni maneno ya Buddha kweli au yameongezwa. Kinyozi aliinamiwa na wana wa wafalme, mama mlezi akainamishwa kwa mtoto wa jana. Mimi sina cha kuongeza.


BintLangoni

Mlangoni tena.


KaraniMalindi

Turudi kwa mshahara, maana naona tumefika Vesali. Umelipwa?


MtunzaNyumba

Miezi miwili imeingia jana saa nne asubuhi, bila salamu. Wa tatu ameniambia tutazungumza akirudi. Nilikuwa nimemtumia ile orodha ya mambo matano ya Sigala, kwa lugha yake, nikamalizia na siku ya kwenda ofisi ya kazi. Sijui ni kipi kilichofanya kazi.


KaraniMalindi

Usisubiri arudi. Chapisha ujumbe wote wa miezi yote mitatu, na tarehe zionekane.


MtunzaNyumba

Nimeshachapisha, karatasi nne. Jumatatu boti ya kwanza.


KijanaMkomani

Na ule wa karma kujisafisha, umeutia?


MtunzaNyumba

Ndio ukurasa wa kwanza.